Aliyeonja Matundwa Kwanza

Zinapasuka. Kama hujawahi kupika kranberi, vile vitunda vichachu vyekundu, hilo ndilo la kwanza kulijua. Unazimimina kwenye sufuria na maji kidogo, unawasha jiko, unageuka kutafuta mwiko, na huko nyuma yako zinaanza: pa! pa-pa! kama bisi zilizoloweshwa. Halafu harufu inapanda, kali, inakushika hapa chini ya taya mpaka mate yanajaa mdomoni kabla hujala kitu. Mimi nikisikia mlio ule na harufu ile, hata niwe na miaka mingi namna hii na magoti haya yanayolia kama mlango wa stoo, nakuwa mtoto. Nakuwa Domi, mtoto wa Barabara ya Kumi na Tatu, mwenye midomo iliyochubuka kwa uchachu.

Sasa hivi niko Buffalo, huku Amerika, nyumba ya juu, karibu na barabara ya Bailey. Nje theluji imefunika gari la mwanangu mpaka huwezi kujua ni gari au ni kaburi la tajiri. Juzi, siku moja kabla ya ile sikukuu yao ya kushukuru na kula bata mzinga, nilikuwa jikoni na mjukuu wangu Neema. Nikachota rojo la kranberi kwa mwiko, nikapuliza, nikaonja, nikarudisha mwiko ndani ya sufuria.

"Bibi!" akapiga kelele. Kisha akamalizia kwa Kiingereza chao cha haraka haraka, kwamba nimetia mate kwenye chakula cha watu wote, kwamba kuna vijidudu, kwamba walimu wao wamewafundisha.

"Mpishi asiyeonja ndiye wa kumwogopa," nikamwambia.

"Onja na kijiko kingine, basi," akajibu, safari hii kwa Kiswahili, kwa sababu anajua nikisikia Kiswahili chake hasira yote inaisha.

Yeye alikuwa anaandaa pai yake ya boga. Kila mwaka anaitengeneza kwa ajili yangu. Na hapa niseme ukweli, maana Neema hasomi Kiswahili, anakisema tu: siipendi. Boga kwetu linapikwa na chumvi, au na maharage, likakaa kimya kama boga. Wao wanalitia sukari na mdalasini na sijui unga gani wa karafuu, mpaka ukila unahisi umemeza duka la Mhindi. Mwaka wa kwanza aliponiletea alikuwa mdogo, ana unga puani, nikamwambia tamu sana. Ndiyo basi tena. Kila mwaka kipande changu kinaongezeka.

Lakini nilikuwa kwenye kranberi. Nisameheni, kichwa changu ni kama mbuzi asiyefungwa, kila jani analionja.

Nilizijua kranberi Louisville. Huko ndiko walikotushusha tulipoingia Amerika, mimi na mume wangu, Mungu amrehemu, na watoto wakiwa bado wadogo. Tulifika majani yakidondoka. Hatujazoea hata bomba la maji ya moto, mara watu wa kanisa wakatuletea boksi la sikukuu. Ndani kuna bata mzinga mgumu kama jiwe la kusagia, mikate iliyokatwakatwa, makopo, na mfuko wa vitunda vyekundu vidogo, vinang'aa. Mume wangu akauinua akautikisa. "Hizi ni shanga au ni chakula?" Mimi nikachukua kimoja, nikauma.

Wallahi, na mimi ni Mkristo, lakini nasema wallahi. Uchachu ule! Machozi yakanitoka. Nikakaa chini pale pale kwenye zulia.

"Matundwa," nikasema. "Wametuletea matundwa."

"Acha wazimu, matundwa yatoke wapi Amerika?"

Nilikuwa natafuta kokwa kwa ulimi ili niliteme. Tundwa lina kokwa kubwa, kila mtoto wa Tabora anajua, unalinyonya halafu unalitema mbali kushinda mwenzako. Nilitafuta, nikatafuta, hakuna. Ndipo nikaamini kwamba si yenyewe. Lakini mikono ilikuwa imeshaamini kitu kingine. Nikaweka sufuria, nikamimina mfuko mzima, nikatia asali na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, vile vile kama matundwa yanavyopikwa.

Mama mmoja wa kanisa aliyekuja kula nasi siku ya sikukuu alileta sosi yake, ya kopo. Ilisimama wima kwenye sahani ina alama za kopo ubavuni, tamu kama jamu, inatetemeka ukipita karibu. Aliionja ya kwangu, akakohoa, akashika kifua, akasubiri kidogo, akaongeza. Hatukuwa na lugha moja, mimi na yeye. Nilimwonyesha kwa mikono: asali, hivi, chumvi, hivi. Tangu siku ile, Louisville, halafu Columbus tulipofuata ndugu na kazi za ghala, halafu hapa Buffalo mwanangu alipopata nyumba na theluji akapewa bure, sosi ya sikukuu ni yangu mimi. Hakuna anayegusa.

Asali na chumvi hiyo sikuibuni mimi. Ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuwapa.

Sisi ni Warundi tuliolelewa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, kule kwenye misitu ya Tabora. Mimi nilibebwa mgongoni wakati wa kukimbia, sikumbuki kitu. Ninachokumbuka ni barabara zilizonyooka zenye namba badala ya majina, tumbaku ya baba ikining'inia bandani, na mama yangu. Mama alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka. Mvua zikianza, miti ya mtundwa inazaa porini, matunda mekundu yenye madoadoa meupe kama yamepigwa chokaa. Mama aliyachuma, akayachemsha, akayakamua makokwa, akatia asali aliyonunua kwa jirani yetu Mnyamwezi, Mama Shija, na chumvi kidogo. Siku ya Krismasi tuliyala na kuku. Nyumba nyingine zilikuwa na kuku tu. Sisi tulikuwa na kuku na matundwa, na mimi nilitembea barabarani kidevu juu.

Kisha mama akaugua kifua, akafa. Masika yalikuwa hayajaisha.

Baba alikaa kidogo, halafu akaoa. Mwanaume mwenye tumbaku na mtoto mdogo hawezi kukaa peke yake, ndivyo walivyosema. Akamleta Esteria kutoka makazi mengine ya mbali. Mama mkubwa wa mwili, mpole, mkimya, anatembea kana kwamba ardhi imelala na hataki kuiamsha. Alikuwa ameolewa mara moja kabla, akarudishwa kwao kwa sababu hakuzaa. Hilo nililisikia likisemwa kisimani, nami sikujua maana ya kurudishwa. Nilidhani ni kama kopo la mafuta ulilokopa kwa jirani.

Sasa kuna bibi yangu, mama yake baba, Bibi Kandida. Yeye alikuwa na mchumba tayari aliyemchagulia baba, binti wa rafiki yake, na baba hakumtaka. Kwa hiyo Esteria aliingia kwenye nyumba yenye mwiba mlangoni. Bibi aliniita pembeni, akaniminya bega. "Mama wa kambo si mama," akaniambia. "Sikiliza wewe. Usile chakula ambacho aliyekipika hajakila mbele ya macho yako."

Lazima niwaeleze desturi hii, wasomaji wangu wengine mmezaliwa mbali nayo. Kwetu mgeni akija, mwenye nyumba akitoa mtungi wa pombe ya mtama, ananyonya yeye kwanza kwenye mrija, ndipo anampa mgeni. Maana yake: tazama, hakuna sumu, nakunywa na mimi. Ni heshima. Lakini ni heshima ya mgeni. Mama hamwonjei mtoto wake hivyo. Mama akionja mbele ya mtoto wake mwenyewe ili kumthibitishia, ni sawa na kusimama katikati ya barabara na kutangaza: ndiyo, mimi ni mtu wa kushukiwa. Mimi hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba bibi amesema.

Basi nikaacha kula.

Si kwa kelele. Nilikaa mbele ya sahani nikautazama ugali mpaka unapoa, nikasema nimeshiba. Esteria akapika maharage na mawese, nimeshiba. Akapika kisamvu na karanga, nimeshiba. Nilikula viazi nilivyochoma mwenyewe shambani, nilikula kwa Mama Shija, na mvua ziliporudi nilikula matundwa mabichi porini mpaka midomo ikatoka maganda. Nilikonda. Shingo yangu ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Baba alinichapa mara moja, halafu akalia yeye, hakunichapa tena.

Bibi akaja akanipima mkono kwa vidole vyake.

"Huyu mtoto anakufa nyumbani kwako," akamwambia baba, Esteria akiwa amepiga magoti pale pale anamkaribisha. "Krismasi ikipita hajala cha mkono wa huyu, mtoto namchukua mimi. Na huyu arudi kwao."

"Mama, hana pa kurudi," baba akasema.

"Njia anaijua. Si mara yake ya kwanza."

Esteria aliinuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

Siku zilizofuata nilianza kuhisi mtu nyuma yangu nikienda kuni. Nikigeuka, naona kitenge kinajificha nyuma ya mti. Mwili ule mkubwa, nyuma ya mti mwembamba! Kilikuwa kinaonekana chote, huku na huku. Nilijifanya sijaona. Nikapanda mtundwa wangu, nikakaa kwenye tawi, nikala, nikatema makokwa. Nilipoteremka nikakuta kitenge kimeondoka, na chini ya mti kuna alama ya mtu aliyekaa muda mrefu.

Baadaye Mama Shija aliniambia Esteria alikwenda kwake siku ile ile, akakaa mlangoni bila kuingia. "Yule marehemu," akamwuliza, "matundwa alikuwa anayafanyaje?" Mama Shija akamcheka. "Unataka kupika chakula cha mwenye nyumba aliyekutangulia? Wenzako wanavunja hata vyungu vyake." Esteria akasema, "Mimi nimekuta mtoto wake. Siwezi kuanza na kitu changu."

Krismasi ikafika. Tukatoka kanisani, watu wakaja kwetu, bibi akaketi kwenye kiti cha baba kama hakimu. Kuku akaletwa. Mimi nikaketi mkekani na mikono yangu kwenye mapaja. Kisha Esteria akatoka jikoni na chungu kidogo, akakiweka mbele yangu, akafunua.

Ile harufu. Hii hii iliyotoka sufuriani mwangu juzi. Nikadhani mama yuko jikoni. Niligeuka kabisa kutazama mlangoni, watu wote wakaniona.

Esteria akapiga magoti. Akachota kijiko kilichojaa, kijiko cha mkubwa, si cha kulambia, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Naonja kwanza." Akameza. Mkeka mzima ukanyamaza, hata nzi. Sasa najua kwa nini walinyamaza.

Machozi yakamjaa machoni.

"Mbona unalia?" bibi akamwuliza.

"Ni moshi, mama."

"Moshi uko jikoni. Wewe uko hapa."

"Nimetoka nao, mama."

Mjomba mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Bibi hakucheka. "Kijiko kimoja hata panya analamba akapona," akasema. "Onja tena."

Esteria akaonja tena. Kijiko kimejaa vile vile. Shavu lake likawa linacheza, na mkono mmoja ameukandamiza tumboni. Halafu, hakuna aliyemwambia, akachota cha tatu.

Wasomaji wangu, ningependa kuwaambia kwamba moyo wangu uliguswa, kwamba niliona upendo. Sikuona upendo wowote. Niliona chungu kinapungua! Nilidhani amependa, ameonja mara moja kaona ni tamu, sasa anakimaliza mbele ya macho yangu, matundwa ya mama yangu, na mimi nimekaa tu na mikono mapajani. Nikanyakua kijiko.

Nilikula. Nilikula matundwa, nikala kuku, nikala ugali, nikafuta chungu kwa kidole. Nilikula mpaka baba akainuka akatoka nje, tukamsikia anapenga kamasi bandani kwenye tumbaku yake. Bibi Kandida alinitazama muda, akamtazama Esteria, kisha akasema kitu ambacho hakukisema tena mpaka anakufa, maana hakuwa mtu wa kurudia mema. Alisema, "Mama Domi, niletee maji ya kunawa."

Mama Domi ni mama yangu. Jina lile lilikuwa limelala chini na yeye tangu masika. Esteria hakuinuka mara moja. Nadhani alikuwa anangoja kuona kama kuna mtu mwingine anayeitwa.

Tangu hapo nilikula cha mkono wake mpaka nikaolewa. Na kwa sababu nilijua anapenda matundwa, nilimpenda nayo. Kila mvua zikianza, kila nikienda kuni, nilimchumia. Nilichagua yale ambayo hayajaiva sawasawa, yenye uchachu wa kukunja uso, kwa kuwa nilikumbuka Krismasi ile alivyokunja uso na bado akaongeza. Nilimletea yamefungwa kwenye ncha ya kanga, nikasimama nimtazame anavyokula. Alikula. Alisema, "Asante, mwanangu, umenikumbuka." Nikatoka nikicheza.

Halafu alikuwa na tabia ya kwenda nyuma ya jiko. Nilimchungulia mara nyingi. Alimega udongo wa kichuguu, akautafuna taratibu, macho ameyafumba. Wanawake wenye mimba ndio wanaokula udongo, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo nikaanza kumngoja mdogo wangu. Na si mimi tu. Kisimani wakaanza kumwambia hongera. Alikuwa anainamisha kichwa, anajitwisha ndoo yake. Mdogo wangu hakuja mwaka ule, hakuja mwaka uliofuata. Kichuguu kilikwisha upande mmoja, sisi tukachoka kungoja.

Alifia kule kule, kabla majina yetu hayajaitwa kwa safari ya huku. Niliweka kaburi lake karibu na la mama. Nilidhani ninamjua.

Sasa mnisindikize Columbus, tumekaribia.

Columbus tuliishi kwenye maapatimenti ya upande wa Northland, unatoka mlangoni uko Morse Road, unapata unga wa muhogo, samaki wakavu, mpaka mawese, kama hujawahi kuhama. Kanisani kwetu akaja mama mmoja mzee ameletwa na watoto wake. Tukaulizana kwenu wapi, makazi gani, ukoo gani, vile tunavyofanya, mpaka tukashikana mikono tunapiga kelele: alikuwa Yunisi, mdogo wake Esteria, tumbo moja. Alikuwa ameishi makazi yale mengine, tuliwahi kuonana mara moja tu nikiwa msichana. Nikamwita mama mdogo, nikamwalika sikukuu ya bata mzinga.

Akaja na kitenge chake juu ya koti la baridi. Nikampakulia kila kitu. Nilipofika kwenye kranberi akafunika sahani kwa mkono.

"Hiyo hapana, mwanangu."

"Kidogo tu, mama mdogo. Ni kama matundwa ya nyumbani."

"Ndiyo maana nakataa! Unataka nife hapa muitiwe polisi? Ukoo wetu sisi ni wa tumbo. Baba yetu, mimi, Esteria. Hatugusi uchachu. Na Esteria ndiye alikuwa mbaya kuliko wote. Yule ukimkamulia ndimu kwenye samaki, kesho yake hasimami wima."

"Esteria yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Nilicheka. Nilidhani uzee umemchanganya. "Mama mdogo, mama alikuwa anapenda matundwa kuliko watu wote. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namchumia."

Yunisi akaweka uma chini. Wajukuu walikuwa wanapiga kelele na mpira kwenye televisheni, yeye akanitazama mimi tu.

"Ni wewe uliyekuwa unampelekea?"

"Kila nikienda kuni."

"Ah," akasema. "Basi ndiyo hayo."

"Ndiyo yapi?"

"Nilikwenda kumtembelea mvua moja. Nikamkuta amejikunja kitandani kama mtoto, mabonge ya udongo wa kutuliza tumbo yako kwenye ungo chini ya kitanda. Nikamwambia, dada, tumbo lako unalijua, uchachu unautafuta wa nini? Akanijibu, 'Nifanyeje, Yunisi? Ananiletea mwanangu.' Mimi nikamwogopa. Nilidhani ugumba umempandisha kichwani, maana mtoto wa kumzaa hakuwa naye."

Nililichukua bakuli la kranberi nikalirudisha jikoni, nikasimama nalo mbele ya sinki, likiwa bado la moto, mpaka likapoa mikononi.

Nilianza kuvihesabu vijiko vile vya Krismasi upya. Cha kwanza alikimeza kwa ajili ya bibi. Cha pili, bibi tena. Lakini cha tatu hakuna aliyemtuma. Aliona macho yangu yameanza kufuata mkono wake, kutoka chunguni mpaka mdomoni, akaelewa kitu ambacho hata mimi sikukielewa mpaka nimeota mvi katika nchi ya watu. Akajua kwamba mtoto akiona unakula kwa hamu atakuja. Akakichota. Na mvua zote zilizofuata, yale matundwa mabichi niliyochagua kwa upendo, na ile hongera ya kisimani aliyoibeba kichwani pamoja na ndoo. Angeweza kuniambia neno moja tu, mwanangu, tumbo langu haliwezi. Ningeacha siku ile ile. Lakini labda aliogopa nikiacha kuleta matunda sitajua kitu kingine cha kuleta.

Siwezi kumshukuru. Kaburi liko mbali, na hata lingekuwa hapo Bailey, kaburi halili. Ninachofanya ni hiki: kila mwaka napika sosi hii kwa asali na chumvi kidogo, na naonja kwanza mbele ya watu wote, wapende wasipende, vijidudu na vyote.

Jana walikuja wote, wa Louisville wamelala njiani kwa sababu ya theluji, wa Columbus wamefika na baridi miguuni. Tuliomba, tukala, sosi ikaisha kabla ya bata. Halafu Neema akatokea jikoni na sahani ameishika kwa mikono miwili. Kipande cha pai ya boga, kikubwa kuliko vyote, na juu yake ameweka povu jeupe la maziwa, mlima mzima.

"Cha kwako, Bibi," akasema kwa Kiswahili. "Nimetia mdalasini mwingi, kama unavyopenda."

Akasimama pale pale, anitazame.

Nilichota kijiko kilichojaa, nikameza. Duka zima la Mhindi. Macho yakajaa maji.

"Bibi, unalia?"

"Ni moshi, mwanangu," nikasema. "Nikatie na kingine."